Kimeng'enya Kisichomeng'enya: Istilahi za Usikivu wa Seli katika Kiswahili cha Sayansi

Mjadala wa istilahi za sayansi katika Kiswahili umejikita mno katika asili ya neno: tukope, tutafsiri au tuunde? Swali lisiloulizwa vya kutosha ni hili: neno likishaundwa, mzizi wake humfundisha nini msomaji kabla hajafika kwenye fasili? Makala haya yanahakiki istilahi tatu, yaani kimeng'enya, kipokezi na usikivu, zinapokutana katika maelezo ya seli za tezi ya pituitari.

Haipothalamasi hutoa homoni ya TRH, yenye asidi amino 3 tu. Homoni hiyo hushikana na vipokezi vilivyo kwenye utando wa baadhi ya seli za pituitari, nazo hutoa homoni inayochochea tezi ya thairoidi. TRH ikiendelea kuwapo, vimeng'enya viitwavyo kinasi hubandika fosfati kwenye mkia wa kipokezi ulio ndani ya seli. Protini iitwayo arestini hujishikiza hapo na kukitenga kipokezi na protini G, ambayo ndiyo mjumbe wake wa ndani. Homoni bado yaweza kushika mahali pake, lakini ujumbe hausongi mbele. Baadaye vimeng'enya vingine, fosfatazi, huiondoa fosfati hiyo.

Kimeng'enya kimetokana na kitenzi meng'enya, na kitenzi hicho kingali hai: katika somo lilelile la biolojia mwanafunzi huambiwa kuwa chakula humeng'enywa. Jina hilo linaisadifu amilesi ya mate. Kinasi, hata hivyo, haimeng'enyi kipokezi; hukiongezea kitu. Mtetezi atasema kuwa jina si fasili: atomu kwa Kigiriki ni kisichogawanyika, na Wilhelm Kühne alipounda istilahi ya Kijerumani ya vimeng'enya katika miaka ya 1870 aliitoa kwenye maneno ya Kigiriki yenye maana ya "ndani ya chachu". Hoja hiyo ina uzito, ila inasahau kwamba mizizi hiyo ya Kigiriki haisikiki tena masikioni mwa wasomaji wengi. Meng'enya inasikika, na humvuta mwanafunzi adhani kuwa kipokezi kimevunjwavunjwa, ilhali kimenyamazishwa tu na chaweza kurejea kazini.

Tatizo la usikivu ni la ndani zaidi. Mtoto msikivu si yule anayesikia tu, bali anayesikia na kutii. Neno limefunga pamoja mambo mawili ambayo kinasi huyatenganisha: kipokezi kimesikia, seli haikuitika. Kipokezi nacho, kwa kuwa kimetokana na pokea, kinaishia mlangoni. Hakidokezi kuwa mpokeaji ana upande wa ndani unaoweza kubadilishwa.

Hatupendekezi istilahi hizi zifutwe, kwa kuwa zimekwishazoeleka. Tunapendekeza sentensi zinazozizunguka zifanye kazi ambayo majina hayawezi kuifanya. Kiswahili hutofautisha waziwazi kuita, kusikia na kuitika. Basi mwandishi atenge upokeaji wa homoni na uitikiaji wa seli, na pale kinasi inapotajwa, kitenzi kiwe bandika au ongeza.

Suala hili si la mapambo ya lugha. Dawa zinazoiga homoni ya GnRH, zikitolewa mfululizo kwa mgonjwa wa saratani ya tezi dume, hupandisha kwanza homoni za uzazi za pituitari, kisha huzishusha. Njia yake si ile ya mkia, kwani kipokezi cha GnRH cha binadamu hakina mkia huo. Lakini fundisho ni lilelile: mwito usiokoma huweza kuzaa ukimya. Msomaji aliyefundishwa kuwa kupokea ndiko kuitika ataiona tiba hiyo kuwa kinyume cha akili, na lawama haitakuwa yake.