Barua Iliyojibiwa kwa Wimbo

Mwezi Novemba 1969 uongozi wa Mkoa wa Pwani ulipiga marufuku muziki wa "soul" katika Dar es Salaam. Hofu ilikuwa juu ya mwenendo wa vijana. Hatukusudii hapa kuifufua kesi ile. Twauliza swali la mhakiki tu: je, muziki huo ulisikilizwa, au yalitazamwa mavazi ya walioucheza?

Tuchukue mfano mmoja, nao ni wa baada ya marufuku ile. Mwaka 1971 Shuggie Otis, kijana wa Los Angeles mwenye umri wa miaka 17, alitoa santuri yake Freedom Flight. Ndani yake mna wimbo uitwao Strawberry Letter 23. Ni soul ya mkondo uliopenda sauti za kindoto na magitaa ya umeme yaliyopandanishwa. Hata hivyo hauna kelele. Kengele ndogo zadondoka kama matone ya mwisho juu ya bati, mvua ikiisha kupita. Sauti ya mwimbaji ni ya chini, kama ya mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala. Mdundo upo, lakini hausukumi; wachukua.

Maneno yake ni ya mpenzi aliyepokea barua ya ishirini na mbili. Basi wimbo wenyewe ndio barua ya ishirini na tatu, yaani jibu. Hapa msomaji wa ushairi wetu hawezi kujiona mgeni. Tangu enzi za Muyaka wa Mombasa washairi wetu wamejibizana kwa tungo, na magazeti yetu yameendeleza ada hiyo.

Dosari haikosekani. Rangi, maua, maji na ndege vimerundikwa pasipo mpango. Mwalimu wetu wa tungo angedai kila taswira itoe hesabu yake. Lakini kasoro hiyo yafunikwa na sauti. Maneno yanapokwisha, mwimbaji hanyang'anyani na ala zake. Hunyamaza, na magitaa huendelea peke yake, polepole, mpaka yafifie. Lisilosemeka limeachiwa nyuzi.

Mwaka 1977 ndugu wawili, The Brothers Johnson, waliuimba upya chini ya uongozi wa Quincy Jones. Gitaa la besi likawekwa mbele, miguu ikapata kazi, na wimbo ukashika nafasi ya kwanza katika orodha ya muziki wa Wamarekani weusi. Ni kazi safi. Ila barua ile ya faragha imesomwa uwanjani.

Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alitaka tufufue mila zilizo bora. Katika hotuba hiyo hiyo alionya kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine ni taifa la wapumbavu. Maonyo hayo mawili hayapingani. Anayezijua mizani na vina vyake haogopi kusikiliza cha jirani, kwa kuwa anacho cha kukipimia.

Wahenga walisema, usilolijua ni kama usiku wa giza. Twawasihi walimu wawasikilizishe wanafunzi wimbo huu mara mbili: kwanza kimya, kisha kalamu mkononi. Wakiukataa baada ya hapo, wataukataa kwa hoja, na hukumu yao tutaiheshimu.