Maporomoko Hayamo Kwenye Mkataba

Mwaka 2014 kampuni ya Disney iliifanyia hoteli yake moja mambo mawili. Iliirudishia jina la utotoni, Polynesian Village, jina ambalo hoteli hiyo ilifunguliwa nalo Oktoba 1, 1971, siku ileile Walt Disney World yenyewe ilipofungua milango huko Florida. Mwaka huohuo ikabomoa maporomoko ya maji yaliyokuwa katikati ya ukumbi wa mapokezi, mawe na mimea yake yote, na mahali pake pakawekwa chemchemi ndogo na nafasi kubwa ya makochi. Jina la zamani likarudi, kitu cha zamani kikaenda. Mashabiki hawajasamehe mpaka leo.

Najua unachofikiria. Watu wazima, wenye kazi na watoto, wanaomboleza maporomoko ya kutengenezwa ndani ya hoteli ya kutengenezwa kando ya ziwa lililochimbwa na matingatinga? Ndiyo, hao hao. Na ninataka kuwatetea, angalau kwa nusu ya makala hii, kwa sababu wanachofanya ni uhakiki. Wanaisoma hoteli jinsi wewe unavyosoma riwaya, na wanapolalamika kuhusu ukarabati na vyumba vipya vya taimshea, mara nyingi wanalalamika kwamba sura imeondolewa kitabuni na hadithi haieleweki tena.

Hoteli ya aina hii si mahali pa kulala tu. Ni simulizi. Polynesian ya 1971 ilisimulia safari ya visiwa vya Bahari ya Pasifiki: nyumba ndefu, fupi kwa kimo, zilizotawanyika katikati ya miti, kila moja ikiwa na jina la kisiwa, ufuo wa mchanga, na ng'ambo ya maji, Kasri la Cinderella likiwaka fataki usiku. Yote ni maigizo. Vyumba vyenyewe vilitengenezwa na U.S. Steel kama masanduku ya chuma, vikaletwa na kupangwa kwa kreni. Lakini hata maigizo yana sarufi. Ukumbi wenye maporomoko ulikuwa sentensi ya kwanza: unatoka kwenye jua na lami ya Florida, unasikia maji kabla hujaona meza ya mapokezi, na mwili unaelewa kwamba umefika kwingine. Ondoa maji hayo na mgeni anaingia kwenye ukumbi mzuri wa hoteli nzuri. Ukumbi mzuri wa hoteli nzuri hata Upper Hill upo.

Sasa tuingie kwenye pesa, maana hapo ndipo shughuli ilipo.

Taimshea ni biashara ya kuuza zamu za likizo. Hununui nyumba, unanunua haki ya kukaa kwa muda fulani kila mwaka. Disney iliingia kwenye biashara hii mwaka 1991 kupitia Disney Vacation Club, na badala ya kuuza wiki maalumu iliuza pointi. Kila mwaka unapewa pointi zako, unazitumia kama salio, na chumba chenye mandhari bora kinakula pointi zaidi. Hoteli uliyonunulia unaweza kuibuku miezi 11 kabla ya safari. Nyingine za klabu ni miezi 7. Juu ya bei ya kununua kuna ada ya matunzo kila mwaka, usafiri usisafiri. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Disney imemtafuta mgeni anayelipia jembe mwenyewe, kisha anarudi mwaka unaofuata kulima tena.

Kwa kampuni, hii ni biashara tamu. Mteja analipia leo likizo ya miaka hamsini ijayo, na ukarabati wa baadaye unatoka kwenye ada zake. Ndiyo maana hoteli za zamani zimekuwa zikigeuzwa moja baada ya nyingine. Contemporary, pacha wa Polynesian wa mwaka 1971, ilipata mnara wa wanachama mwaka 2009. Wilderness Lodge ilifuata, vyumba vikageuzwa na vibanda vikajengwa kando ya ziwa. Grand Floridian ilijengewa jengo jipya la wanachama mwaka 2013, kisha mwaka 2022 jengo lake moja la zamani nalo likageuzwa.

Zamu ya Polynesian ilifika mwaka 2015. Nyumba ndefu tatu, Moorea, Tokelau na Pago Pago, ziligeuzwa kuwa studio 360 za wanachama. Juu ya maji, mbele ya ufuo, zikajengwa bangalo 20 kwa nguzo. Hapa malalamiko ya mashabiki yanakuwa makali, na nadhani wana haki. Ufuo ule ulikuwa kiti cha kila mtu. Mgeni wa chumba cha bei ya chini alikaa mchangani akaona kasri sawasawa na mgeni wa chumba cha bei ya juu. Bangalo zilipopanda, sehemu ya mandhari hiyo ilizibwa na paa za watu wachache. Kitu kilichokuwa cha hoteli nzima kiligawanywa kikauzwa kwa pointi. Huhitaji kuwa shabiki wa Disney kuelewa hilo. Mtu yeyote aliyewahi kutafuta njia ya umma ya kufika ufuoni katikati ya kuta za hoteli na majumba ya watu pale Pwani anaelewa bila kuchorewa.

Halafu ukaja mwaka 2021, vyumba vikapambwa upya kwa picha na rangi za Moana, filamu ya Disney ya mwaka 2016. Wengine walipenda, wengine wakaguna. Mguno huo una maana. Hoteli ya zamani iliigiza mahali, japo vibaya. Hoteli mpya inaigiza filamu ambayo nayo inaigiza mahali. Umbali umeongezeka, na katikati ya huo umbali kampuni imejiweka yenyewe.

Desemba 17, 2024, ukafunguliwa Island Tower, mnara mpya wa wanachama, pale palipokuwa na ukumbi wa Luau. Mashabiki walipoona michoro yake ya kwanza walisema unafanana na jengo la apatimenti. Ukilinganisha na nyumba ndefu zilizokuwa zikijificha nyuma ya miti, mnara huu haujifichi. Lakini ati ni mbaya kwa sababu ni mrefu? Hapana. Ukiuliza kwa nini una sura ile, utaona tatizo liko mahali pengine: msomaji amebadilika.

Mgeni wa siku tatu anavumilia vituko. Mpe msitu ndani ya ukumbi, mpe taa hafifu na sanamu za mbao, ataenda nyumbani na hadithi. Mnunuzi wa miaka hamsini ana mahitaji tofauti. Anataka jiko, mashine ya kufua, kitanda cha kuvuta ukutani, rangi ambazo hatazichoka kufikia 2040. Jengo la kuuzia zamu lazima limpendeze mtu anayesita akiwa na kalamu mkononi, na mtu anayesita huogopa vituko. Kwa hiyo hadithi inapunguzwa makali, ukuta baada ya ukuta, mpaka inabaki rangi ya bahari kwenye mto wa kochi. Hili ndilo jambo ambalo mashabiki wamelihisi kabla ya wahakiki wengi wa usanifu: taimshea huongeza vyumba, na pia hubadilisha anayeandikiwa hadithi.

Kampuni ina utetezi wake na si wa kupuuzwa. Jengo la 1971 haliwezi kubaki la 1971. Mabomba yanaoza, wageni wameongezeka, hoteli si makumbusho. Na tena, nani ananunua hizo pointi? Ni hao hao mashabiki. Hapa ndipo mambo yanachekesha na kuuma kwa pamoja. Aliyeipenda Polynesian kuliko wote ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweka sahihi mwaka 2015, na pesa za watu kama yeye ndizo zilizothibitisha kwamba minara inalipa. Zaidi ya hapo, mnara mpya haukuanzishiwa umiliki wake pekee. Uliunganishwa na studio na bangalo za zamani. Aliyenunua mwanzo amepata uwezo wa kubuku vyumba vikubwa vya mnarani, sawa, lakini pia amepata foleni ya wanunuzi wapya wanaoweza kubuku studio yake siku ileile anayoruhusiwa yeye. Msee amelipa, na bado anang'ang'ana.

Muda wa mkataba huo unaisha Januari 2066. Ndani yake mna pointi, ada na tarehe. Mandhari ya kasri kutoka mchangani hayamo. Ngoma za usiku hazimo. Maporomoko nayo, hata kama yangekuwa bado yanatiririka, yasingekuwamo. Disney inauza hisia, lakini inaposaini inasaini vitu vingine. Hoteli hii inaijua mikataba vizuri: ni hapo Polynesian, mwishoni mwa Desemba 1974, John Lennon alipoweka sahihi yake kwenye hati za kuivunja Beatles kisheria. Mapenzi ya mamilioni ya watu kwa bendi ile hayakuwa kipengele cha hati hiyo pia.

Nilisema nitawatetea kwa nusu ya makala. Nusu imeisha.

Mashabiki wanaposema mnara umeharibu uhalisi wa Polynesian, inabidi tuulize: uhalisi upi, bana? Moja ya nyumba ndefu inaitwa Fiji, na Fiji kwa kawaida huhesabiwa Melanesia. Tonga, Samoa na Tokelau ni nchi za watu, zenye lugha, makaburi na madeni, na hapa ni majina ya milango. Wazo lenyewe la paradiso hii ya visiwa lilipikwa katika baa na mikahawa ya Marekani ya katikati ya karne iliyopita, sanamu za miungu ya watu zikawa vikombe vya pombe. Shabiki anayedai hoteli irudi kama ilivyokuwa 1971 anadai kurudishiwa ndoto ya Mmarekani kuhusu Pasifiki, si Pasifiki. Onyesho la Luau, lenye ngoma na moto, lilifungwa mwaka 2020 wakati wa Covid na halikurudi tena. Mara nyingi linakumbukwa kama burudani iliyokosekana. Ni nadra kukumbukwa kama kazi za watu, miongoni mwao wachezaji ambao pengine ndio pekee katika eneo lile waliojua nyimbo zile zinasema nini.

Na kama unaona hayo ni ya Wapasifiki, hayatuhusu, hebu twende upande wa pili wa Walt Disney World. Kuna hoteli inaitwa Animal Kingdom Lodge, ilifunguliwa mwaka 2001. Jengo lake la kwanza linaitwa Jambo House. Ndani yake unakula Jiko au Boma, unanunua zawadi Zawadi. Mwaka 2009 likaongezwa jengo la wanachama wa taimshea, likaitwa Kidani Village. Huko mkahawa ni Sanaa, unaosifiwa sana kwa mikate yake ya Kihindi, na baa ya kando ya bwawa ni Maji. Nje, twiga wanatembea chini ya madirisha. Mkataba wa wanachama wake unaisha mwaka 2057.

Soma majina hayo tena, taratibu, kama mtu aliyeyasikia kwanza kutoka kwa mamake. Jiko, boma, sanaa, maji, kidani. Kwa mgeni wa kutoka Ohio ni sauti nzuri za mahali pa mbali. Kwako ni mahali ambapo sufuria ya ugali inakaa. Sisemi ukasirike, mimi mwenyewe nimecheka kuona baa inaitwa Maji. Ninasema hivi: siku moja ukarabati utafika huko pia. Huenda mtu ofisini akaamua Kidani ni neno gumu, au filamu ya simba inauza zaidi. Neno litabanduliwa ukutani na mwanachama aliyelipa pointi zake miaka thelathini atalia kwa uchungu wa kweli. Sisi wenye neno hatutaulizwa, kama ambavyo hatukuulizwa lilipobandikwa. Msamoa anayesoma malalamiko kuhusu maporomoko ya 2014 anakaa kwenye kiti hicho hicho.

Kwa hiyo mashabiki waendelee kulalamika. Wana jicho. Waliona kwamba ufuo umegawanywa, kwamba hadithi imepungua chumvi, kwamba anayeandikiwa sasa ni mnunuzi. Uhakiki wao unakwama pale unapoishia kwenye "turudishieni yetu," kwa sababu ile yao nayo ilichukuliwa kwa watu wengine bila mkataba wowote. Swali wanalouliza kuhusu mnara, nani aliamua na nani alilipa, ni swali zuri. Waliulize pia kuhusu maporomoko.