Sifa Isiyo na Tendo: Wapinzani wa Mchezo wa Vishale wa Kompyuta "180" kwa Jicho la Kivugo cha Wahaya

Mchezo wa kompyuta uitwao 180 ulitolewa nchini Uingereza mwaka 1986 na Mastertronic, kampuni iliyojulikana kwa kuuza michezo ya bei nafuu. Hadi leo mchezo huo unaweza kuchezwa kwa programu zinazoiga kompyuta za zamani. Ndani yake mchezaji hurusha vishale ubaoni dhidi ya wapinzani wanaoendeshwa na mashine. Hupita robo fainali na nusu fainali, kisha fainali hukutana na bingwa aitwaye Jammy Jim. Kila mpinzani ana jina la kejeli na sura yake. Yupo Belly Bill, ambaye jina lake linamtaja kwa kitambi, na yupo Devious Dave, ambaye jina lake linamtaja kwa hila. Wahusika hawa ndio waliofanya mchezo ukumbukwe kuliko michezo mingi ya vishale ya wakati wake.

Uhakiki huu unauliza swali moja: je, vituko vya wapinzani hao vinafanya kazi yoyote katika mchezo? Swali hili linaangaliwa kutokea Buhaya, hasa wilaya za Bukoba na Muleba mkoani Kagera, kwa sababu huko kuna utanzu wa fasihi simulizi ambao kiini chake ni mshindani kujitangaza kwa sifa. Kwa Kihaya tungo hizo huitwa ebyebugo (umoja ekyebugo), na katika taaluma ya fasihi simulizi ya Kiswahili hujulikana kama vivugo au majigambo. Kuulinganisha mchezo wa kompyuta na kivugo kunaweza kuonekana kama kuoanisha vitu visivyooana. Hata hivyo, Huizinga katika Homo Ludens (1938) aliyaweka mashindano ya kujisifu, yakiwamo yale ya Waarabu kabla ya Uislamu, katika familia moja na michezo. Kwa mantiki hiyo, kivugo na 180 vina msingi wa kukutanishwa, kwani katika vyote viwili mtu hupewa jina la sifa kabla au baada ya kupimwa.

Kwanza ni lazima kueleza mchezo wenyewe unavyochezwa, kwa sababu hoja yote imejengwa juu ya kanuni zake. Kila upande huanza na alama 501 na kuzipunguza kwa vishale vitatu kila zamu. Ubao una vipande 20, na kila kipande kina kanda nyembamba ya mara tatu na kanda nyembamba ya mara mbili. Katikati kuna kitovu chenye alama 50, kilichozungukwa na duara la alama 25. Kishale cha mwisho lazima kitue katika kanda ya mara mbili, au katika kitovu, na kuifikisha hesabu kwenye sifuri kamili. Alama nyingi kuliko zote kwa zamu moja ni 180, yaani vishale vitatu katika mara tatu ya 20, na hapo ndipo mchezo ulipopata jina lake. Kwenye kioo mchezaji haoni mwili wake. Anaona mkono tu ulioshika kishale, nao hautulii. Huelea mbele ya ubao, na kazi ya mchezaji ni kuuongoza na kuachia kishale kwa wakati unaofaa.

Jambo la msingi katika kanuni hizi ni kwamba mpinzani hana njia ya kumgusa mchezaji. Katika bao mambo ni tofauti kabisa: kete za mtu huliwa na mwenzake, na mchezaji mwenye tabia ya pekee, awe mwenye pupa au mwenye kungoja, huibadilisha hali ya shimo kwa shimo. Anayecheza na mwenye pupa hulazimika kucheza vingine. Katika vishale kila mtu ana hesabu yake. Belly Bill akipata 140 au akipata 26, ubao ambao mchezaji ataukuta ni uleule. Devious Dave anaitwa mwenye hila, lakini hakuna kanuni hata moja ambayo ingemwezesha kufanya hila. Hawezi kuchelewesha kishale cha mwenzake, hawezi kumsemesha, hawezi kudanganya hesabu. Kadiri mchezo unavyojidhihirisha kwa anayeucheza, kinachowatofautisha wapinzani ni ustadi wao wa kulenga. Tabia zao zimebaki katika jina na sura.

Hapa kivugo kinatoa kipimo. Mulokozi (1996) anaieleza fasihi simulizi kuwa ni tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati. Katika ekyebugo mambo hayo hayatenganiki. Mtendaji hujitokeza mbele ya mkubwa wake au mbele ya kusanyiko, akiwa na mkuki au fimbo mkononi, akajitaja yeye na ukoo wake, akatamka alichofanya au atakachofanya. Wanaomsikiliza wanamjua. Kama alikimbia vitani, wapo walioiona migongo ya waliokimbia. Sifa katika hali hiyo ni deni, na wadai wamesimama palepale.

Umbo la lugha nalo linaonyesha hivyo. Morris (1964), alipochunguza vivugo vya Wahima wa Ankole, ng'ambo ya mpaka upande wa Uganda, alionyesha kuwa mstari wa kawaida hujengwa juu ya jina la sifa linalotokana na kitenzi, na kwamba jina hilo mara nyingi hufuatwa na mtu aliyekuwapo au mahali tendo lilipofanyika. Utamaduni huo ni ndugu wa karibu wa ule wa Buhaya kwa lugha na kwa historia. Kinachopaswa kuzingatiwa ni kwamba jina la shujaa hutokana na kutenda. Majina ya 180 hayana kitenzi. Yanabandika umbo la mwili au sifa ya moyo kwenye jina la kawaida la Kiingereza, kisha yanaishia hapo. Hakuna mahali, hakuna shahidi, hakuna siku.

Inaweza kudaiwa kwamba kipimo hiki ni cha kigeni kwa mchezo uliozaliwa katika baa za Uingereza. Dai hilo lina uzito, lakini haliuokoi mchezo. Hata katika vishale vya Uingereza vya miaka hiyohiyo, lakabu ilikuwa na historia. Eric Bristow, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1986, aliitwa Crafty Cockney kutokana na jina la baa moja ya California ambayo alivaa fulana yake. Lakabu hiyo ilikuwa na mahali na ilikuwa na mtu aliyeibeba mbele ya watazamaji hadi ikamkaa. Mchezo wa 180 uliiga desturi ya lakabu na kuacha kilichoipa lakabu uhai.

Kwa hiyo, ushauri wa kwanza kwa anayetaka kushinda ni kumsahau mpinzani na kuutazama ubao, na hasa kuutazama mkono wake mwenyewe. Kosa la wengi ni kulenga mara tatu ya 20 kwa sababu ndiyo yenye thamani kubwa. Kipande cha 20 kimepakana na 5 upande mmoja na 1 upande wa pili, hivyo mkono unaoelea kidogo tu kando huadhibiwa vikali. Tibshirani, Price na Taylor (2011) walilichunguza suala hili kitakwimu kwa ubao halisi. Walionyesha kuwa kadiri shabaha ya mrushaji inavyopungua, ndivyo mahali bora pa kulenga panavyohama kutoka mara tatu ya 20 kwenda mara tatu ya 19, kisha kuelekea upande wa chini kushoto na hatimaye karibu na katikati. Mgeni wa 180, ambaye mkono haujamtii, yuko katika kundi hilo la mwisho. Akilenga katikati kwa zamu za mwanzo hatapata sifa yoyote, ila hatapoteza zamu kwa 5 na 1.

Ushauri wa pili unahusu kumaliza. Kubakiwa na 32 ni bora kuliko kubakiwa na 38, ingawa zote hufungwa kwa kishale kimoja. Anayelenga mara mbili ya 16 akaangukia ndani, kwenye 16 ya kawaida, hubakiwa na 16, ambayo hufungwa kwa mara mbili ya 8. Akikosa tena kwa namna hiyohiyo hubakiwa na 8, kisha 4, kisha 2. Anayekosa mara mbili ya 19 hubakiwa na 19, namba witiri, na lazima atumie kishale kingine kuirekebisha kabla ya kufikiria kumaliza.

Iko sehemu moja ambapo mpinzani anahesabika. Tuseme mchezaji amebakiwa na 50 na kishale kimoja cha zamu. Anaweza kulenga kitovu na kumaliza, au kulenga 18 ya kawaida ili abakiwe na 32 kwa zamu ijayo. Ikiwa mpinzani yuko kwenye 301, busara ni kupiga 18, kwani muda upo. Ikiwa mpinzani yuko kwenye 32, kitovu kinapaswa kujaribiwa ingawa ni kidogo, kwa kuwa huenda zamu ijayo isifike. Uamuzi huu ndio wa kimkakati kuliko wote katika mchezo, na hauhitaji kujua kama aliye kwenye 32 ni Bill au ni Dave. Unahitaji namba yake tu. Hapa ndipo mbunifu angeweza kuitia tabia ndani ya kanuni: mpinzani anayetetemeka akifika kwenye kanda ya mara mbili, au anayekwenda kwa pupa akiona ameachwa nyuma. Mchezaji angelazimika kumsoma mtu. Nafasi hiyo ilikuwa wazi na ikaachwa.

Hata hivyo, hukumu hii inahitaji kulegezwa kwa Jammy Jim. Jina lake linamaanisha mtu mwenye bahati ya mtende, yule ambaye mambo humnyookea bila kuyastahili. Mchezaji anapofika fainali na kuona vishale vya Jim vikitua kimoja baada ya kingine mahali palepale, jina limekwisha kumwandalia maelezo: ni bahati tu. Maelezo hayo si ya kweli. Aliyemshinda ni mpinzani aliyepewa shabaha kali kuliko wenzake, na njia ya kumkabili ni kupunguza zamu mtu anazopoteza mwenyewe kabla ya kufika kwenye kanda ya mara mbili. Lakini jina linamfariji aliyeshindwa na kumrudisha tena kwenye kompyuta, maana bahati ya mtu inaweza kwisha kesho. Katika wapinzani wote, huyu peke yake ana jina linalotenda, na linamtenda mchezaji. Hilo linakaribia kazi ya kivugo, ambacho nacho hukusudia kumbadilisha anayesikia kabla mkuki haujarushwa. Tofauti ni kwamba kivugo humtisha msikilizaji, na jina la Jim humlaza usingizi.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa Kagera. Nchini Tanzania Mhaya ana kikaragosi chake tayari: ni yule "nshomile", yaani "nimesoma" kwa Kihaya, anayedaiwa kujivuna kwa elimu na kuchomeka Kiingereza kila baada ya neno la pili. Utani huo husimuliwa kila mahali, na Wahaya wenyewe huusimulia. Kama mchezo wa aina ya 180 ungebuniwa leo ukiwa na mandhari ya Bukoba mjini au Kamachumu, ni rahisi kubashiri mpinzani wa kwanza angekuwa nani na angevaa nini. Angekuwa Belly Bill wa Kihaya: kinywa badala ya kitambi. Kikaragosi hicho kimetokana na kukisikia kivugo nusu. Kimeshika kujisifu na kuacha deni, yaani mashahidi waliosimama kusikiliza na tendo linalodaiwa baadaye. Mbunifu ambaye angelitaka kuepuka kosa la 180 asingelazimika kuufuta utani huo. Angempa nshomile wake haki ya kutangaza, kabla ya zamu, namba atakayofungia, kisha angeiweka kanuni imbane: akitangaza mara mbili ya 16 na kuikosa, alama za zamu hiyo zisihesabiwe, na akiipata, mpinzani wake apoteze kishale kimoja. Kwa kanuni hiyo moja majigambo yangekuwa hatari kwa mwenye kujigamba na kwa mwenzake pia, na mchezaji angelazimika kuamua kama amwamini au la.