Tangi la Moto kwa Bei ya Chee

Marekani na Ulaya wapo watu wanaogawa jakuzi bure. Pampu imekufa, kipasha maji kimeungua, chini kuna ufa unaovuja, na mwenye nyumba hataki tena kuliona uani kwake. Anatangaza kwamba anayelitaka aje alichukue, asilipe hata senti. Fundi mzoefu halikimbilii. Anapiga kwanza hesabu ya lori, ya vijana wa kulibeba, ya pampu mpya na ya umeme wa kulipasha, kisha anajiuliza ataliogea mara ngapi kwa mwezi. Mwingine halijali swali hilo: analichukua siku hiyohiyo, analijaza udongo na kupanda mchicha. Hajakosea hata kidogo, isipokuwa pale hapana tena jakuzi, pana bustani.

Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, jakuzi si habari. Lakini miji hiyo miwili ilipata matangi ya moto ya aina yake, ya mafuta badala ya maji, ndani ya viwanda vya kubangua korosho ambavyo serikali ilivijenga kuanzia miaka ya 1970 na baadaye ikaviuza vikiwa vimelala. Malalamiko juu ya mauzo hayo yamezoeleka. Wabunge wa kusini wameyapeleka bungeni mwaka baada ya mwaka: viwanda vimegawiwa kwa bei ya kutupa, waliopewa wakaahidi kuvifufua, vingi vikawa maghala. Yote ni kweli. Ila jinsi jambo lenyewe lilivyofanyika haijachambuliwa vya kutosha, na mimi naona lawama nyingi zimeangukia mashine na mnunuzi, wakati kasoro ilikuwa katika kile kilichoandikwa kuwa kinauzwa.

Tuanze na tangi, maana ndilo moyo wa kiwanda cha zama zile.

Ganda la korosho lina ngozi mbili ngumu, na katikati yake vishimo vidogo vilivyojaa mafuta meusi mazito. Mtoto wa Newala aliyewahi kung'ata korosho ghafi anayajua mafuta hayo: midomo inababuka na ngozi inabambuka siku ya pili. Sehemu yake kubwa ni asidi ya anakadi. Nyumbani kina mama wanayashinda kwa moto. Korosho zinatandazwa juu ya bati lililotobolewa, moto unakolezwa, mafuta yanachuruzika na kulipuka, moshi unatanda hadi kwa jirani. Zikishaiva zinamwagiwa mchanga ili zizime. Ndipo wanakaa chini kubangua moja moja, vidole vikiwa vimepakwa majivu.

Kiwanda kilifanya kazi hiyohiyo bila kuwasha korosho moto: kilizikaanga ndani ya mafuta yake yenyewe. Korosho zilianza kwa kulowanishwa kidogo, ganda likapata unyevu. Kisha zilipandishwa kwenye mnyororo unaotembea na kuzamishwa katika tangi la mafuta ya maganda yaliyopashwa hadi kiasi cha nyuzi 190 za Selsiasi, kwa dakika moja na nusu hivi au mbili. Unyevu ule uligeuka mvuke ghafla, ukapasua vile vishimo, na mafuta yakamwagika tangini. Hapa ndipo ninapowavulia kofia waliobuni mtambo huu. Tangi halihitaji kuongezwa mafuta. Linajijaza lenyewe kila korosho zinapopita, na yanayozidi yanachotwa na kutiwa kwenye mapipa. Mafuta hayo yana soko lake katika viwanda vya breki za magari, rangi na gundi. Moto wa kulipasha tangi unatokana na maganda yaliyokwisha kubanguliwa. Kwenye karatasi, hakuna kinachotupwa.

Baada ya hapo korosho zilizungushwa kwa kasi ili zikamuke mafuta, zikapoozwa, zikachambuliwa kwa ukubwa na kupelekwa kwenye mashine za kukata. Punje ikakaushwa, ikavuliwa ngozi yake nyembamba, ikapangwa kwa madaraja na kufungwa katika madebe ya ratili 25 yaliyotiwa gesi ya ukaa isipate wadudu wala uvundo.

Sasa tazama udhaifu. Joto la tangi lina nafasi finyu sana. Likishuka chini ya nyuzi 180, vishimo havipasuki sawasawa na ganda halikatiki vizuri. Likipita 200, punje inaungua na mafuta yenyewe yanaanza kuwa mazito. Ukitia mafuta mabichi na kuyapasha kwa pupa, asidi ile inavunjika, inatoa gesi, povu linapanda na kufurika. Kwa hiyo mkaangaji hodari alikuwa mtu wa thamani kuliko mhandisi aliyeufunga mtambo. Umeme ukikatika katikati ya zamu, mnyororo unasimama na korosho zimezama. Ndani ya dakika chache shehena yote iliyo tangini ni makaa. Mtwara na Lindi wakati huo hazikuwa kwenye gridi ya taifa, zilitegemea jenereta za dizeli, na miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980 dizeli na vipuri vilikuwa vya kutafuta kwa tochi.

Newala ilikuwa na taabu ya ziada. Masasi iko bondeni, kwenye tambarare yenye vilima vya mawe, lakini Newala iko juu ya ukingo wa uwanda wa Makonde, ikitazama Ruvuma na Msumbiji. Uwanda huo ni mchanga na mawe laini yanayofyonza mvua yote. Mto wa kudumu juu hakuna. Maji hupandishwa kwa pampu kutoka chini ya miteremko, na bomba likikauka, watu hushuka na ndoo. Kiwanda kinachoanza kazi kwa kulowanisha korosho, halafu kina mamia ya wafanyakazi wanaopaswa kunawa mafuta makali mikononi, kilijengwa mahali ambapo maji yenyewe ni mradi. Korosho ziko huko juu, ni kweli, na usafiri wa magunia ulikuwa mgumu. Lakini kati ya kubeba korosho kushuka na kubeba maji kupanda, mpangaji alichagua la pili, na sidhani kama aliliweka kwenye mizani.

Juu ya hayo yote, korosho zenyewe zikapotea. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna kiasi cha tani 145,000. Viwanda 12 vilipangwa kwa imani kwamba mavuno yatapanda; uwezo wake kwa pamoja ulikuwa kama tani 113,000 kwa mwaka, na Benki ya Dunia ilikuwa miongoni mwa waliotoa mikopo. Mitambo ikatoka Italia na Japani. Wakati mikataba inatiwa saini, Operesheni Vijiji ilikuwa inawahamisha wakulima mbali na mikorosho yao, bei ya mkulima ilikuwa duni, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaanza kuunguza maua. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno ya nchi nzima yalishuka hadi chini ya tani 20,000. Viwanda vingine havikuwahi kufanya kazi msimu mmoja wa maana.

Tangi la moto halina nusu. Kiwanda cha tani 10,000 kikipata tani 2,000, bado tangi zima lazima lipashwe, na kila likipoa na kupashwa upya mafuta yanazidi kuwa mazito, masimbi yanaganda chini na joto halipenyi. Likiachwa limelala miaka, yaliyobaki ndani yanakuwa kitu kigumu kama lami iliyokauka, kimeshika kwenye minyororo. Kulitengeneza tangi la namna hiyo si kupaka grisi. Ni kukwangua, kukata, kubadili mnyororo, kubadili injini, kujenga upya tanuru. Wakati huohuo mashine za kukata zilikuwa na doa lake tangu zikiwa mpya: zilivunja punje nyingi kuliko mikono ya kina mama wa Kollam, kusini mwa India, na punje iliyovunjika huuzwa kwa bei ya chini mno kuliko nzima.

Hicho ndicho kilichopelekwa sokoni mwanzoni mwa miaka ya 2000: kiwanja kikubwa, majengo imara ya zege na bati, na ndani yake mtambo uliopitwa na wakati. Kwa sababu wabanguaji kwingineko walikuwa wanaanza kuachana na tangi la mafuta. Walikuwa wanapika korosho kwa mvuke wa boila, kwa joto dogo zaidi na dakika nyingi zaidi, mafuta yakibaki gandani na kukamuliwa baadaye. Boila ya mvuke inaweza kuwa ndogo au kubwa kadiri ya mali uliyonayo. Mtu mwenye akili timamu aliyenunua kiwanda cha Masasi au Newala asingelitengeneza lile tangi hata kama angekuwa mzalendo wa kupigiwa mfano. Angelikata chuma chakavu, akaleta boila.

Basi kwa nini hakuleta boila? Hapa ndipo hesabu inapouma. Msimu wa korosho ni mfupi. Minada huanza Oktoba, na ndani ya miezi mitatu minne mali nzuri imekwisha. Kiwanda kinachotaka kufanya kazi mwaka mzima lazima kinunue korosho zake zote katika kipindi hicho. Chukua bei ya shilingi 3,000 kwa kilo: tani 10,000 ni shilingi bilioni 30, zinazotakiwa taslimu kabla hujabangua punje moja. Hapo unashindana mnadani na wasafirishaji wa India na Vietnam, ambao mali inageuka fedha mara meli inapofika, ilhali wewe utakaa na magunia mpaka Agosti ukilipa riba. Bei ya kununulia kiwanda, hata ingekuwa sifuri, haigusi tatizo hilo. Gharama ya matengenezo nayo ni sehemu ndogo tu ya fungu hilo.

Kisha mwaka 2007 mfumo wa stakabadhi ghalani ukaingia Mtwara. Korosho zote zikatakiwa kupita kwenye maghala makuu kabla ya mnada. Kwa mara ya kwanza, paa lile likawa na mteja wa uhakika kila msimu, asiyehitaji boila, mtaji wala mkaangaji hodari. Unahitaji mlinzi, mizani na mahali pa lori kugeuzia. Naweza kumlaumu mwenye paa kwa kuvunja ahadi, na ahadi aliivunja, lakini siwezi kujifanya sielewi. Aliuziwa kitu kilichoitwa kiwanda, na thamani yake yote ilikuwa katika ghala.

Wauzaji wangeweza kufanya nini? Kwanza, wangetenganisha. Mitambo ingethaminiwa kwa kilo za chuma, iuzwe au itolewe bure kwa anayeweza kuing'oa. Majengo na ardhi vingekodishwa badala ya kuuzwa moja kwa moja, na kodi ikapanda au kushuka kwa tani za korosho zilizobanguliwa humo. Sharti la "kukarabati" halina kipimo: mtu anapaka rangi geti na kukuonyesha risiti. Tani ya punje zilizofungwa ina kipimo, na Bodi ya Korosho inaweza kuihesabu bandarini. Pia ungetakiwa mfuko wa mkopo wa msimu kwa wabanguaji. Ushuru wa korosho ghafi zinazosafirishwa nje ulikuwapo, ukiwa asilimia 15 au dola 160 kwa tani, ipi iliyo kubwa. Sehemu yake ilipelekwa kwenye pembejeo, utafiti na ubanguaji hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2018 na fedha zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa kusini waliupigia kelele sana uamuzi huo, na kwa maoni yangu walikuwa na haki.

Novemba mwaka huohuo Rais John Magufuli aliamuru serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, Jeshi la Wananchi (JWTZ) likaingiza malori yake, na kiwanda cha Lindi kilichokuwa kimebinafsishwa kikakabidhiwa jeshini ili korosho zibanguliwe nchini. Jaribio hilo lilikuwa zuri kwa mchambuzi kuliko kwa mkulima. Fedha zilikuwapo, amri ilikuwapo, majengo yalikuwapo. Lakini uwezo wa kubangua mzigo unaozidi tani 200,000 haukuwapo, na nyingi ziliishia kuuzwa ghafi baada ya kukaa ghalani. Amri haikuweza kulifanya jengo lirudi kuwa kiwanda.

Leo mavuno ya taifa yamepita hata ndoto za wale waliochora viwanda 12. Msimu wa 2017/18 peke yake ulizidi tani 300,000, na msimu wa 2024/25 umevuka hapo mbali. Serikali inaandaa kongani ya viwanda Maranje, mkoani Mtwara. Umeme wa gesi ya Mnazi Bay umeondoa ule unyonge wa dizeli. Anayetaka kubangua Newala sasa ataanza na boila ya mvuke, meza za kukatia na visima au bomba la maji, na atalala usiku akiwaza riba ya Oktoba.

Kama bado lipo tangi la zamani limebaki mahali, na mwenyewe anataka kumpa fundi wa chuma chakavu bure, amweleze kilichomo kabla ya kumpa. Yale masimbi meusi yanawaka, na moshi wake unachoma macho na ngozi. Yakwanguliwe kwa sululu kwanza, milango ifunguliwe yote, ndipo gesi ya kukatia iwashwe.