«Hawana Roho»: Neno Linalotuzuia Kuona Mpira



Kila mara Léopards wakipoteza, kuna neno moja linatangulia mengine yote: «Hawana roho.» Utalisikia kwenye taxi, kwenye nganda, mbele ya auditoire, hata kwa mwenye diplôme ambaye juzi tu alitueleza vizuri kwamba kila jambo la jamii lina chanzo chake. Mpira ukichezwa, vyanzo vyote vinapotea, inabaki paka kimoja: wachezaji hawapendi nchi.

Tukumbuke tarehe 9 Septemba 2025, Stade des Martyrs, Kinshasa. Tunaongoza Senegal 2-0, Bakambu na Wissa wamefunga, Kombe la Dunia tunaliona kwa macho. Senegal wanafunga moja kabla ya mapumziko, wanasawazisha mapema kipindi cha pili, na dakika za mwisho wanaweka la tatu. 2-3. Ile usiku makambi mawili yalizaliwa. Kambi ya kwanza: «Habapende inchi, banakuja kutembea tu!» Kambi ya pili ilikuwa na simu mkononi: kocha Desabre alipanga hivi, angepanga vile, 4-3-3, 4-2-3-1, hesabu kama za soko.

Makambi haya yanatukanana, lakini yanakubaliana juu ya jambo moja: kwamba bidii na mbinu ni mifuko miwili tofauti. Bidii ni ya mchezaji, iko kifuani. Mbinu ni ya kocha, iko kwenye karatasi. Mimi hapo njo ninapopinga. Bidii ya timu ni jambo la mpango. Isipopangwa inakufa, hata kama kila mchezaji ameamka na mapenzi ya nchi yanayotosha watu kumi.

Angalieni mfano huu, muko munauona kila wiki. Mshambuliaji anakimbilia beki wa timu nyingine mwenye mpira. Wenzake wa katikati wako mita 20 nyuma yake, hawasogei. Beki anatoa pasi fupi, mpira unapita, mbio za yule mshambuliaji zimeenda bure. Anafanya hivyo mara ya pili, ya tatu. Mara ya nne anabaki amesimama, na sisi tunapiga kelele: mvivu! Huyo hakukosa roho. Amejifunza kwamba akienda hakuna anayemfuata. Sasa wachukue watatu wanaosogea pamoja, hatua tano tano tu. Beki anakosa pa kutoa pasi, anapiga mpira mbele bila kuangalia, tunauokota. Mbio zilikuwa chache, faida ikawa kubwa. Wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Na hata vidole viwili havivunji kama kimoja kinakuja kiisha chawa kuondoka.

Kama roho ndiyo inayoamua, basi nielezeni CAN ya Côte d'Ivoire, Januari na Februari 2024. Mechi za kufuzu tulizianza mwaka 2022 na vipigo viwili, Gabon na Sudan. Kocha akabadilishwa, akaja Desabre, tukamaliza wa kwanza katika kundi. Damu ya Wakongomani haikubadilishwa kati ya Juni na mwaka uliofuata. Kilichobadilika ni kazi na mpango wake.

Huko Côte d'Ivoire tulicheza mechi 7. Tulishinda moja tu kabla ya penalti, ile ya Guinea, 3-1. Makundi yote matatu yalikuwa sare: Zambia 1-1, Morocco 1-1, Tanzania 0-0. Misri tuliwatoa kwa penalti 8-7, kipa Lionel Mpasi mwenyewe akapiga ya mwisho. Zambia, Morocco na Guinea walitufunga kwanza, na mara zote tatu tukarudi. Timu isiyokuwa na nyota mkubwa kama Salah au Hakimi ilifika nusu fainali kwa sababu ilikuwa ngumu kuvunjwa: mistari ilikaa karibu, mtu akipitwa mwenzake yuko hapo. Hilo tuliliita «roho», na tulifurahi. Lakini lilikuwa jambo lililofanyiwa mazoezi.

Kuna jambo la uchungu zaidi. Tarehe 7 Februari 2024, kabla ya nusu fainali na Côte d'Ivoire, wachezaji waliimba wimbo wa taifa wamefunika mdomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kwenye kichwa, kama bunduki, juu ya damu inayomwagika Mashariki. Sisi wa huku tulielewa bila kutafsiriwa. Walikuwemo waliozaliwa Kinshasa, walikuwemo waliozaliwa Ufaransa. Nani atasema ile siku walikosa mapenzi ya nchi? Na bado tulipoteza, 1-0, goli la Haller dakika ya 65. Mapenzi yalikuwa yamejaa hadi juu, na mpira ukaingia wavuni. Roho haizibi nafasi kati ya beki na kipa.

Naligusa hili la waliozaliwa Ulaya makusudi, kwa sababu neno «hawana roho» halianguki kwa wote sawa. Beki aliyekulia huku akikosea, tunasema amechoka. Yule wa diaspora akikosea, tunasema yeye si wetu. Lakini goli tulilowafunga Misri lilitoka kwa krosi ya Wissa, mzaliwa wa Ufaransa, likamaliziwa kwa kichwa na Meschack Elia, mzaliwa wa Kinshasa aliyepitia TP Mazembe. Ule mpira haukuuliza cheti cha kuzaliwa. Ukosoaji unaoanza na uwanja na kuishia kwenye ukoo wa mtu umeacha kuwa ukosoaji wa mpira.

Wengine watasema: wazee wa 1974 walikuwa na roho, hawa wa leo wanatafuta pesa. Haya, tuwaangalie wa 1974. Machi mwaka huo, Zaïre ilichukua Kombe la Afrika huko Misri, Ndaye Mulamba akafunga magoli 9. Miezi mitatu baadaye, Ujerumani, timu hiyo ikapigwa 9-0 na Yugoslavia. Roho ilienda wapi ndani ya miezi mitatu? Wachezaji wenyewe walieleza baadaye: marupurupu waliyoahidiwa hawakuyaona, na walifikiria hata kutoingia uwanjani. Na Mwepu Ilunga, aliyetoka kwenye ukuta na kuupiga mpira kabla ya Brazil kupiga frikiki yao, dunia nzima ilimcheka kwamba hajui sheria. Yeye alisema alijua alichokuwa anafanya. Wazungu waliona ujinga pale palipokuwa na hasira ya mtu aliyedhulumiwa. Sisi leo tunaona uvivu pale penye mpango mbovu. Kosa ni lile lile.

Kambi ya simu nayo isifurahi mapema. Zile namba, 4-3-3 na ndugu zake, zinakuambia watu wanasimama wapi refa akipiga filimbi. Dakika mbili baadaye hakuna tena namba, kuna umbali tu kati ya mtu na mtu. Mimi ninavyoona, mbele ya Senegal namba hazikutuua. Baada ya goli la pili tulirudi nyuma kidogo kidogo, mstari wa mbele ukabaki mbali na wa katikati, na kila mpira tuliouondoa ulirudi kama deni. Tulikuwa tunakimbia sana. Tulikuwa tunakimbia nyuma ya mpira.

Kwa nini haya yananiuma mimi na nyinyi, watu wa diplôme? Kwa sababu neno hili tunalijua kutoka upande mwingine. Kijana amemaliza masomo, amepeleka dossier ofisi kumi, hakuna jibu, na mtu aliyeshiba anamwambia: «Hauna bidii.» Tunakasirika, na tuna haki, kwa sababu anayesema hivyo amekataa kuangalia namna mambo yalivyopangwa. Jumapili tukikaa mbele ya televisheni, tunawafanyia wachezaji kilekile. Na neno hilo linawafaa sana wakubwa. Kama tatizo ni roho, hakuna wa kuulizwa juu ya maandalizi, juu ya viwanja vya watoto, juu ya pesa zilizoahidiwa.

Kwa hiyo mechi ijayo naomba tuangalie mambo matatu. Moja: tukipoteza mpira, watu watatu walio karibu wanafanya nini katika hatua tano za kwanza? Mbili: kati ya beki wa mwisho na mshambuliaji wetu kuna umbali gani, na unaongezeka saa ngapi? Tatu: mwenye mpira ana wenzake wangapi wa kumpa bila kubahatisha? Ukiwa na majibu ya hayo, ukanionyesha mchezaji aliyekuwa anatembea wakati mwenzake anamuita, kwa jina na kwa dakika, hapo nitakubali kuongea na wewe juu ya roho yake. Bila hivyo, tuanze na mpira kwanza.