Soko la Mkunazini: Kutazama au Kuzingatia?

Ndugu msomaji, siku hizi umezuka utalii wa namna ya peke yake. Watu husafiri mbali, wakalipa kiingilio, ili waone mahali ambapo wanaadamu wenzao waliuawa au waliteswa. Kwetu pwani, mahali pa namna hiyo panapojulikana zaidi ni Mkunazini, Unguja, palipokuwa soko la watumwa. Sultani Barghash bin Said alitia sahihi mkataba wa kulifunga tarehe 5 Juni 1873, na kabla ya mwaka kwisha wamisheni wa Kiingereza wakaweka jiwe la msingi la kanisa lao papo hapo. Uani mwa kanisa hilo pana shimo lenye sanamu tano za watu waliofungwa mnyororo shingoni, kazi ya msanii wa Kiswidi, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998.

Basi utawaona wageni wamesimama kando ya shimo lile, wakatabasamu, wakapigana picha, kisha wakaharakishwa kwenda mashamba ya viungo na ufukweni. Watembezaji nao huwashusha katika vyumba vya chini vya jengo la jirani, wakawaambia kwamba humo watumwa walifungiwa wakingoja mnada. Wapo wanahistoria wanaolikataa jambo hilo, wakisema jengo lile lilijengwa na wamisheni baada ya soko kufungwa. Ya nini kuutia chumvi msiba ambao ukweli wake peke yake watosha kumliza mtu?

Adabu ya kuzuru mahali kama hapa tumefundishwa zamani. Mtume wetu (S.A.W.), katika safari ya Tabuk, mwaka wa 9 wa Hijra, alipita Al-Hijr, maskani ya Thamud walioangamizwa. Aliwakataza Masahaba kuyaingia makazi ya waliodhulumu nafsi zao ila kwa kulia, wasije wakapatwa na yaliyowapata wale. Kisha akajifunika kichwa, akaongeza mwendo. Zingatia, msomaji: kilio kile hakikuwa cha kuwasikitikia wengine tu. Kilikuwa cha mtu kujiogopea nafsi yake, asije akafanana na madhalimu.

Na hapo ndipo lawama inapoturudia sisi. Mtalii hucheka pasipofaa, lakini wengi wetu hatuingii kabisa. Twasema hicho ni kisa cha wamisheni cha kuusingizia Uislamu. Je, sahihi ya Barghash nayo ni ya wamisheni? Ni kweli kwamba hatukuwa peke yetu: Wafaransa wenye mashamba katika visiwa vya Bahari ya Hindi walinunua, matajiri wa Kihindi walikopesha fedha, na wakubwa wa bara waliuza mateka. Mtembezaji anayeyaficha hayo hasemi kweli yote. Walakini mikarafuu ya Unguja na Pemba ilihudumiwa kwa mikono ya watumwa, na utumwa wenyewe haukuondolewa na sheria huko mpaka mwaka 1897. Dini yetu imefanya kumwacha huru mtumwa kuwa ibada na kafara ya madhambi. Hata hivyo walikuwako waliosali Sala tano, na baina ya Sala na Sala wakahudhuria mnada.

Wala jambo hili halikwisha na soko. Hata leo ikija posa nyumbani, hakosekani wa kunong'ona kwamba babu yake bwana harusi alinunuliwa. Anayenong'ona hivyo amempandisha mja wa Mwenyezi Mungu mnadani mara ya pili, na hakuna mkataba uliomzuia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, wapeleke watoto wako Mkunazini. Simu zibaki mifukoni. Waambie nani aliuzwa, na nani aliuza, bila ya kuficha. Mkirudi nyumbani, waonye wasimtukane mtu kwa nasaba yake, na wewe uwe wa kwanza kuuzuia ulimi wako.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye kuzingatia na nyoyo zenye kuchelea dhulma. Amin.