Keti Kwanza, Daktari

Kabla damu haijatolewa, kabla ya picha ya eksirei, kabla hata ya kusikiliza mapigo ya moyo, daktari huuliza. Umesumbuliwa na nini? Kilianza lini? Kilianzaje? Kazi hii huitwa kuchukua historia ya mgonjwa, na kati ya yote ninayofundishwa katika njia hii ndefu ya udaktari, hakuna ninayoistahi kama hii. Mwaka 1975 jarida la British Medical Journal lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa 80 waliofika kliniki kwa mara ya kwanza. Kwa 66 kati yao, ugonjwa ulitambulika kwa barua ya daktari aliyewatuma pamoja na maelezo yao wenyewe. Kuwapima mwili kulibadili jawabu kwa wagonjwa 7, na vipimo vya maabara kwa 7 wengine. Vipimo vimeongezeka sana tangu wakati ule, lakini katika zahanati nyingi za kwetu mashine iko safari ya siku nzima, na mgonjwa ameketi mbele yako sasa hivi, ana la kusema.

Chuoni tunapewa mpangilio: lalamiko kuu, historia ya ugonjwa wa sasa, magonjwa ya zamani, dawa anazotumia, magonjwa ya ukoo, hali ya nyumbani na kazini. Ni mpangilio mzuri na ninaufuata. Unaniambia niulize nini. Haunifundishi jinsi ya kungoja jibu, wala jinsi ya kujua kwamba jibu la kwanza ni la heshima tu na la kweli bado liko njiani. Hayo niliyapata kwa wanawake ambao hawakupata kuishi popote isipokuwa vitabuni.

Wa kwanza wao ni Akoko. Aliyemwumba, Margaret Ogola, alikuwa daktari wa watoto nchini Kenya, na kwa miaka aliongoza kituo cha Cottolengo jijini Nairobi, kilichowatunza mayatima wenye virusi vya UKIMWI. Riwaya yake ya kwanza, The River and the Source, ilitoka mwaka 1994, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Waandishi ya Jumuiya ya Madola kwa kitabu cha kwanza katika kanda ya Afrika. Vijana wengi wa Kenya waliisoma sekondari kwa sababu ilikuwa kitabu teule, wakaijibia mtihani, wakaiweka kando. Nami nimekuwa nikiirudia tangu nilipojua kwamba ninataka kuwa daktari, na kila nikiirudia naona mkono wa daktari katika kila sura.

Akoko ni binti wa Chifu Odero Gogni wa Yimbo. Owuor Kembo, chifu wa Sakwa, anamwoa kwa ng'ombe 30 bila kubishania bei. Mavyaa wake anapoanza kumsema, kwamba watoto ni wachache na mali ya mwanawe inaliwa, Akoko haangui kilio. Anataja alichokizalisha kwa mikono yake, kisha anafunga safari kurudi kwao, mpaka mumewe anapomfuata na wazee wakakaa kitako kulimaliza. Baadaye misiba inamwandama. Mwanawe Obura anakufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mumewe anafariki, mwanawe mwingine Owang' Sino anapaliwa na mwiba wa samaki. Anabaki mjukuu mchanga ambaye ndiye mrithi wa kiti, na shemeji, Otieno Kembo, anakinyakua kiti pamoja na mali. Mjane huyu anaondoka kwa miguu kwenda Kisumu, kwa serikali ya kikoloni ambayo hana sababu ya kuiamini, anaieleza kesi yake, na anashinda.

Wasomaji wengi huukumbuka ushindi. Mimi hukumbuka maelezo. Akoko anajua kilichotendeka, nani alikitenda, na kipi kilitangulia kipi. Hakuna mtu yeyote pale ofisini aijuaye habari yake kumzidi. Hiyo ndiyo nguvu yake yote: ameshika habari yake mwenyewe na hakubali mwingine amsimulie. Tangu nilipolielewa hilo, sijaweza tena kumtazama mgonjwa kama mtu aliyekuja kuulizwa tu. Anayeketi kwenye kile kiti cha plastiki kliniki amekuja na kesi yake kutoka mbali. Kazi yangu ni kumsikiliza mpaka mwisho.

Nimejiuliza kwa nini daktari wa watoto aandike kitabu cha akina mama na mabibi. Jibu nililopata, na ninalisimamia, ni hili: daktari wa watoto hapati historia kutoka kwa mgonjwa wake. Mtoto wa miezi sita hawezi kusema kikohozi kilianza lini. Anayesema ni mama, na mara nyingi sana hapa kwetu ni bibi, yule aliyemlea mama mwenyewe na anakumbuka kwamba naye utotoni alikuwa akikohoa vivyo hivyo. Daktari Ogola alikaa miaka mingi akiwasikiliza wanawake wakieleza habari za watoto wao. Riwaya yake inapita vizazi vinne, kutoka Akoko hadi Nyabera bintiye, hadi Awiti aliyebatizwa Elizabeth, hadi watoto wa Elizabeth. Ukiisoma kwa jicho la wodini, ni historia ya ukoo iliyochukuliwa kwa subira kuu, bila kuruka mtu.

Kizazi cha mwisho ndicho kilichonigusa moja kwa moja, kwa kuwa humo yumo Wandia, msichana anayesomea udaktari na kumpita darasani Aoro, mjukuu wa Nyabera, ambaye baadaye anakuwa mumewe. Kwa msichana aliyekuwa akiambiwa kwamba hesabu na kemia ni za kaka zake, Wandia alikuwa ushahidi uliochapishwa. Hata hivyo nimemheshimu zaidi kwa jambo jingine. Becky, dada yake Aoro, anapofariki kwa UKIMWI, Wandia na Aoro wanawachukua watoto wake na kuwalea. Kitabu kilitoka mwaka 1994, na tiba ya dawa mseto iliyobadilisha hali ya wagonjwa wa UKIMWI ilianza kupatikana ulimwenguni mwaka 1996. Wakati Ogola anaandika, daktari hakuwa na dawa ya kumwokoa Becky. Alikuwa na uwezo wa kukaa karibu naye, kumwita kwa jina lake, na kuwapokea watoto wake. Mwandishi aliyefanya kazi na mayatima alijua uzito wa hilo.

Niseme sasa la wodini, maana sifa ya ufundi bila mfano ni maneno matupu. Katika wodi ya wanawake ya hospitali moja ya Pwani alilazwa bibi mwenye presha, miguu imevimba, hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi. Faili ilisema kwa kalamu ya mtu mwenye haraka kwamba hatumii dawa ipasavyo. Alikuwa ameulizwa mara nyingi kama anakunywa dawa, na kila mara alijibu ndiyo. Nilivuta stuli nikaketi, macho yangu yakawa sawa na yake. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mjukuu wangu." Nilimwuliza nyumbani kuna nani. Akanitajia mmoja mmoja, na alipofika kwa dada yake alinyamaza. Nami nikanyamaza. Kisha akasema kwamba dada yake naye ana presha, na kwake hakuna wa kumpeleka kliniki, basi vidonge wanagawana nusu kwa nusu.

Hakuwa amesema uongo hata mara moja. Aliulizwa kama anakunywa dawa, na dawa alikuwa anakunywa. Hakuwa tayari kumweleza mtu aliyesimama mlangoni kwamba amechagua kupungukiwa yeye ili dada yake asikose. Niliporudisha jibu kwa daktari wetu mkuu, mpango wa matibabu ulibadilika, na dada mtu akafunguliwa kadi yake ya kliniki. Hakuna maabara ambayo ingelifumbua hilo. Mimi nililisikia kwa sababu nilikuwa nimeshakutana na wanawake wa namna hiyo kwenye kurasa, wenye haya na fahari pamoja, ambao neno lao la maana huja baada ya kimya.

Kuna mwingine ambaye huwa namfikiria ninapomwona mke ameketi kando ya kitanda cha mumewe bila kuulizwa chochote. Huyo ni Nyapol, katika The Promised Land ya Grace Ogot, riwaya ya mwaka 1966. Ogot naye alitoka katika taaluma ya tiba: alisomea uuguzi na ukunga katika hospitali ya Mengo nchini Uganda, akaendelea London, akafanya kazi Maseno. Katika riwaya hiyo Ochola anamhamisha mkewe Nyapol kutoka Nyanza hadi Tanganyika kutafuta ardhi yenye rutuba. Nyapol hataki kwenda. Anaona mapema kwamba tamaa ya ardhi itawaletea balaa, na balaa linakuja: Ochola anapatwa na ugonjwa wa ngozi wa ajabu, mwili wake unaota vitu kama miiba. Hospitali inashindwa. Ninapoisoma sura ile najiuliza nani katika wote waliomzunguka mgonjwa alikuwa na historia kamili, tangu uhamisho, tangu ugomvi na jirani, tangu usiku wa kwanza wa ugonjwa. Ni Nyapol. Muuguzi aliyeandika kitabu kile alifahamu vizuri kwamba anayekesha na mgonjwa anajua mengi ambayo faili haiyajui.

Na Rosa je? Watu huniambia kwamba Rosa wa Kezilahabi hastahili kutajwa pamoja na wanawake wenye nguvu, kwa kuwa mwisho wake ni kujiua. Riwaya hiyo ya Kezilahabi, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971, na kwa muda ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Zakaria, baba yake, anampiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, na anamlea kwa woga mtupu. Binti anafika shule ya bweni bila kuambiwa lolote la maana kuhusu mwili wake wala kuhusu wanaume, na uhuru unamkuta hana silaha. Anapata mimba, anazitoa. Kwa hesabu ya ushindi, Rosa hana ushindi.

Lakini daktari hakutani na Akoko peke yake. Rosa analetwa usiku, anatokwa na damu, ana homa, na mtu aliyemleta ameshaondoka. Katika faili ataandikwa umri wake, tarehe ya hedhi ya mwisho, na mstari mmoja wa maelezo. Utoaji mimba usio salama ungali miongoni mwa sababu za vifo vya wanawake katika ukanda wetu, na aghalabu anayekufa amechelewa kuja kwa kuogopa macho ya watu wa hospitali zaidi kuliko anavyoogopa kifo. Kezilahabi alitupa yote yaliyotangulia ule mstari mmoja: kipigo, barua, ukimya wa nyumba, upweke wa bweni. Aliyekisoma kitabu kile kwa moyo hawezi kumfokea binti huyo kitandani. Ningependa kila anayeingia wodi ya wazazi kwa mara ya kwanza awe amelia kwa ajili ya Rosa kabla hajamwona.

Sijamsahau Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, ijapokuwa yeye hakubuniwa na mtu. Utenzi wake wa karibu mwaka 1858 aliutunga akiwa mgonjwa, akamwachia binti yake. Huwa tunausoma kwa ajili ya mausia, na wengine hugombana nao kwa ajili ya hayo mausia. Mimi huusoma kama sauti ya mgonjwa anayejua kwamba muda wake ni mfupi na ana la kumwambia mtu maalumu. Mgonjwa wa namna hiyo yuko katika kila wodi. Mara nyingi hupitwa kwenye raundi kwa sababu dawa zake hazijabadilika.

Ndiyo maana nina ombi. Nchini Tanzania, kijana anayechagua mchepuo wa PCB kidato cha tano hasomi tena fasihi darasani. Masomo yake makuu ni fizikia, kemia na baiolojia, na walio karibu naye humhimiza aache mengine yote. Nchini Kenya nako mfumo mpya unamtaka mwanafunzi achague mkondo wake mapema. Sipingi sayansi; bila hiyo historia ninayoichukua haina pa kufikia. Nawaomba wazazi na walimu wamwachie kijana huyo riwaya zake, tena wamwongezee. Wakuu wa vyuo vya udaktari nawaomba waziweke riwaya hizi kwenye rafu moja na vitabu vya uchunguzi wa wagonjwa, wanafunzi wazisome kabla ya kuanza wodi, na wazungumze juu yake na walimu wao wa tiba.

Margaret Ogola alifariki mwaka 2011 kwa saratani, akiwa ametuachia pia I Swear by Apollo ya mwaka 2002 na Place of Destiny ya mwaka 2005, ambayo ni habari ya mwanamke anayekufa kwa ugonjwa huohuo. Alitibu watoto na kuandika riwaya katika maisha yaleyale, na hakuacha kazi moja kwa ajili ya nyingine.